Jifunze mashauri ya madai kwa jalada moja

Mdogo wangu, usianze somo la mwenendo wa madai kwa kukariri Amri, yaani sehemu za kanuni za Sheria ya Mwenendo wa Madai, na kanuni zake. Mimi nilikariri. Jaribio la kwanza likaleta mtu aliyegongwa na gari, akafungua shauri mwaka wa nne baada ya ajali. Nikajaza kurasa tatu za uzembe na fidia. Dai la namna ile lina miaka 3 tu ya kufunguliwa, na swali zima lilikuwa hapo. Tangu siku hiyo nalisoma somo hili kwa tarehe.

Nunua jalada la karatasi, utunge mgogoro wa mtaani unaoujua. Wangu ulikuwa wa Bi Mwanahamisi, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alimkopesha mteja wa Mbagala marobota ya shilingi milioni 60, alipwe 30 Juni 2021, hakulipwa. Dai la mkataba lina miaka 6, kwa hiyo juu ya jalada niliandika kwa wino mwekundu: mwisho Juni 2027. Kisha tafuta mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka, anakoishi mdaiwa au chanzo cha madai kilikotokea. Ndipo uandike hati ya madai kwa mkono wako. Kila aya iulize inathibitisha nini; isiyojibu ifute.

Kesho yake hamia upande wa pili. Sasa wewe ni wakili wa mdaiwa, wito umekufikia, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Wanafunzi wengi hapa hukimbilia pingamizi la awali. Soma kwanza kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969: pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Tarehe ya kulipa ikiwa imo kwenye hati ya madai yenyewe na muda umeshapita, pingamizi lina miguu. Mdaiwa akidai kwamba walikubaliana tarehe nyingine kwa mdomo, hilo linataka mashahidi. Lipeleke kwenye utetezi. Kwangu hapa ndipo somo lilipofunguka.

Zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mtu kufanya jambo hadi shauri liishe, lipime kwa masharti matatu ya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, nayo ya 1969. Bi Mwanahamisi angekwama kwenye sharti mojawapo, la hasara isiyofidika, maana deni la fedha hulipika kwa fedha.

Siku usiyo na vipindi, fika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kabla ya saa 3 asubuhi, ukae nyuma kimya. Andika kila ahirisho na sababu yake. Jioni soma hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ni bure.

Upatanishi ujifunze kwa watu watatu. Sisi tulikaa kibarazani Sinza: mmoja Bi Mwanahamisi, mmoja mteja, mimi mpatanishi. Nikajikuta natoa hukumu, wenzangu wakanizuia, na walikuwa sahihi. Mpatanishi haamui, anauliza kila upande unahitaji nini. Mama alihitaji mtaji kabla ya Idi, mteja alihitaji awamu. Waliyokubaliana tuliyaandika na kuyasaini, kama yanavyoandikwa mahakamani ili yasajiliwe yawe amri.

Jalada lisifungwe hapo. Mteja akiacha kulipa awamu ya pili, andika ombi la kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama itekeleze amri ile, utaje mali yake na mahali ilipo.