Kupanga Safari ya Kutazama Matumbawe katika Ghuba ya Chole, Mafia

Anayepanga kwenda Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, kuogelea kwa miwani na mrija, kwa kawaida huanza kuulizia nauli na chumba, ilhali jambo la kwanza la kuangalia ni mwezi wa angani, unaotawala kujaa na kupwa kwa maji. Ghuba hii haina kina kirefu. Imekingwa na miamba pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na maji yake huingia na kutoka kupitia milango myembamba kama ule wa Kinasi. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na maji yote hayo hulazimika kupita humo ndani ya saa sita hivi, jambo linaloufanya mkondo uwe mkali kuliko uwezo wa mwogeleaji wa kawaida.

Kwa hiyo chagua siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo huwa ndogo, yaani karibu na tarehe 8 hadi 10, au 23 hadi 25, za mwezi mwandamo. Siku hizo mkondo hupoa, tena maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, maana yake ni kwamba ukiondoka ufukweni saa mbili utayakuta maji safi ya bahari kuu yakiwa bado yanaingia. Yakishaanza kupwa hubeba vumbi la mikoko na mchanga kutoka ndani, na pale ulipokuwa ukimwona samaki kama kitatange kwa umbali wa mita kumi utaona ukungu mtupu. Kama likizo yako imeangukia bamvua, usiing'ang'anie asubuhi, kwa kuwa saa nne maji huwa yamekupwa kabisa. Ngoja alasiri, yanapokaribia kujaa, na usiogelee mlangoni maji yanapotoka, hata nahodha akikuambia ni salama.

Kuhusu majira, miezi ya Oktoba hadi Februari ndiyo yenye bahari tulivu zaidi, wakati kusi ya Juni hadi Agosti huchafua bahari ya nje na masika huleta mvua nyingi. Papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote, nao huonekana katika miezi hiyo ya utulivu, lakini wao hupatikana upande wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, nje ya ghuba. Itengee siku yake.

Kutoka Dar es Salaam unaweza kuruka kwa ndege ndogo kwa muda wa nusu saa hivi, au kwenda kwa barabara hadi bandari ya Nyamisati na kuvuka bahari hadi Kilindoni, njia ambayo ni nafuu sana lakini inataka uwe na siku ya akiba. Kutoka Kilindoni hadi Utende, ufukweni mwa ghuba, ni takriban kilomita 15, na kabla ya kufika utalipia kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kiingilio huhesabiwa kwa siku, na raia wa Tanzania hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho, na uitunze stakabadhi.

Miwani ijaribu ukiwa bado nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, na ikianguka omba nyingine. Vaa fulana ya mikono mirefu, kwani mgongo ndio unaoungua, nayo inapunguza haja ya kujipaka mafuta yanayobaki majini. Mwombe nahodha afunge chombo kwenye boya au atupe nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Ukiwa majini, lala kifudifudi na upige mapezi polepole. Anayesimama wima ili arekebishe mrija ndiye anayevunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Tulia mahali pamoja kwa dakika tano na utamsikia samaki aitwaye pono akiguguna mwamba, sauti kavu kama ya mtu anayetafuna ubuyu. Kombe na makoa viache vilipo, hata vikiwa vitupu, kwani humo huhamia kaa.

Weka kandambili karibu, si chini ya begi: maji yakiwa yamepwa wakati wa kurudi, chombo hakitafika ufukweni, nawe utatembea hatua nyingi juu ya mchanga na mawe, maji yakiwa magotini.