Somo: Kumjenga mtu asiyefika jukwaani

Kwa vikundi vya teatri vya Bukavu vinavyofanyia mazoezi darasani au katika ukumbi wa parokia. Tunatumia Godot, tamthilia ya Samuel Beckett iliyochezwa mara ya kwanza Paris tarehe 5 Januari 1953: watu wawili, Vladimir na Estragon, wanamngoja Godot, naye hafiki.

1. Chukueni tekisti na kalamu mbili. Nyekundu ni kwa maneno ya mtoto mjumbe juu ya Godot. Buluu, ya Vladimir na Estragon. Nyekundu itakuwa chache mno: mtoto anachunga mbuzi, ndugu yake anachunga kondoo na ndiye anayepigwa, bwana wao Godot ana ndevu nyeupe, hafanyi kitu. Buluu ndiyo imejaa: ombi lisiloeleweka, hamu ya kuokolewa. Godot anajengwa na shida za wanaomngoja, basi fanyieni kazi shida hizo. Msiweke msalaba wala picha ya mkubwa yeyote. Beckett mwenyewe alisema angemjua Godot ni nani, angeandika.

2. Chagueni upande mmoja atakakotokea Godot, mtie alama ya chaki ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Mwigizaji huyu akitazama kushoto na yule darini, hakuna atakayeamini. Chungeni mlango wa ukumbi: ukiwa upande huo, mchelewaji akiufungua watu wote wanageuka, na Godot ameshafika. Geuzeni jukwaa.

3. Kimya kisijazwe kwa kukohoa wala kushusha pumzi. Kiishe mwigizaji akipata wazo jipya.

4. Mtoto aseme "leo haji, kesho hakosi" kama aliyetumwa dukani. Akihuzunika, amefichua kwamba kesho ni bure.

MASWALI

— Mwalimu, watu wa parokia watasema ni Mungu. Tukatae?
Msikatae, msisaidie. Ila waulizeni: katika Injili ya Mathayo kondoo wako kuume, mbuzi kushoto. Mbona hapa anayepigwa ni wa kondoo?

— Na anayengojewa akifika kweli?
Chezeni Viti, tamthilia ya Ionesco (1952). Wazee wawili wanawapangia viti wageni wasioonekana. Msemaji anafika, wazee wanajirusha dirishani, kumbe yeye ni bubu na kiziwi. Ugumu wake ni kasi: viti vikiletwa polepole, ukumbi hauwaoni wale wageni.

— Umeme ukikatika?
Kila sehemu ya Godot inaishia usiku ukiingia ghafla na mwezi ukichomoza. Mwezi uwe taa ya betri, iliyochajiwa asubuhi.