Jinsi ya kumtafuta na kumpima Chiloglanis mtoni

Chiloglanis deckenii ni kambale mdogo wa bonde la Pangani, asiyefikia sentimita 10. Mdomo wake ni kinyonyeo cha duara chini ya kichwa. Kwa huo hung'ang'ania mawe huku maji yakimpita kwa kasi. Mwanazoolojia Peters alimpa jina hilo mwaka 1868 kwa heshima ya von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro.

1. Kwa utafiti, pata kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), kisha pita ofisi ya kijiji. Ulizia mamba. Mvua ikinyesha mlimani, ahirisha, hata kama ulipo jua linawaka.

2. Tafuta mahali maji yanapotoa povu juu ya mawe, kina kisichozidi goti. Madimbwi yaliyotulia yaache. Huko utaambulia kichocho tu.

3. Wavu usubiri, anza na mawe. Inua jiwe la ukubwa wa ngumi utazame chini yake na pembeni yake. Nafasi zikiwa wazi, samaki ana maficho na wadudu wa kula. Zikiwa zimezibwa na tope, labda kwa sababu ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, utahangaika bure. Mimi huandika hali ya tope kabla ya tarakimu yoyote, maana wavu ukitoka mtupu, hiyo ndiyo inayonipa pa kuanzia. Rudisha jiwe kama lilivyokuwa.

4. Pima mita 5 kando ya mto, achia kijiti kielee, hesabu sekunde. Rudia mara tatu, tafuta wastani wa kasi, kisha zidisha kwa 0.85, kwani maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

5. Anzia chini ukipanda, usije ukajichafulia maji. Mmoja akite wavu wa matundu madogo sakafuni. Mwenzake, hatua moja juu yake, avuruge mawe kwa mguu. Kagua wavu vizuri: huyu hujibandika hata kwenye fremu.

6. Lowanisha mikono. Miiba ya mapezi huchoma na kunasa. Usivute, kata uzi. Mweke kwenye chombo cha kioo chenye maji ya mto, kivulini, umpige picha kutoka chini. Rangi hudanganya, midomo na idadi ya meno ndiyo hutenganisha spishi. Mrudishe haraka, palepale penye mkondo ulipomtoa.