Ukiitwa kumsindikiza jirani Mhindu, nenda ukijua haya

Nimeona mara nyingi watu wetu wakibaki kwa geti. Bosi amefiwa na mamake, ama jirani amepoteza mzee, tunafika na suti nyeusi na shada kubwa halafu tunasimama huko nje tukiangaliana, hakuna anayejua aanzie wapi. Inaniuma, manake hao hao wamekuja matanga zetu mpaka ushago. Wacha niseme vile nimejifunza kwa kuhudhuria, hasa kwa Wagujarati wa hapa Nairobi, yaani Wahindi wenye asili ya Gujarat, jamii zingine ziko na tofauti zao kidogo.

Kwanza, fanya haraka. Kwetu kuna kamati, mchango, basi, wiki mbili zinaisha. Kwao ukisikia msiba asubuhi, jioni ama kesho mwili ushateketezwa. Kwa hivyo ukipigiwa simu uliza hapo hapo, nyumbani ni saa ngapi na Kariokor, pale Nairobi wanapoteketeza miili, ni saa ngapi. Unakumbuka Bob Collymore, yule mkuu wa Safaricom, alifariki tarehe 1 Julai 2019 na kesho yake akateketezwa hapo hapo Kariokor, hata kama hakuwa Mhindu, na watu wengi wakabaki wakiuliza mbona mbio hivyo.

Vaa nguo nyeupe, au rangi iliyopoa, nyeusi achana nayo.

Ukifika nyumbani vua viatu mlangoni. Mwili uko hapo sebuleni, ushaoshwa na familia na kuvishwa, mdomoni wameweka maji kidogo ya mto Ganga na jani la tulsi, ambayo ni ndugu ya mrehani. Ukipewa maua yaliyochambuliwa, weka miguuni pa marehemu, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, sogea mwingine apite. Kwa wafiwa "pole sana mama" inatosha kabisa. Simu iache mfukoni.

Wakitoka na mwili utasikia "Ram naam satya hai", yaani jina la Ram, mungu wao, ndilo kweli. Hulazimiki kuitikia, tembea nao tu. Akina mama waulize mapema, kuna familia wanawake hubaki nyumbani na kuna zile siku hizi wanaenda wote.

Sasa hapo kwa moto ndio wengi hushtuka. Kawaida ni kijana mkubwa wa marehemu anayewasha. Anazunguka mwili na chungu cha maji begani, kinatobolewa maji yanachuruzika akitembea, mwisho anakiachilia nyuma yake kinapasuka paa! Usikimbie kumsaidia kuokota, ni sehemu ya ibada, chungu ni mwili na maji ni uhai uliotoka. Halafu samli inamiminwa, vipande vya msandali vinawekwa, moto unashika. Kama ni tanuri badala ya kuni, ibada ni hiyo hiyo ila fupi, na kazi yenyewe huchukua kama saa moja na nusu au mbili, kuni ni masaa mengi zaidi. Si lazima ungoje mpaka mwisho, angalia familia, wakitoka toka.

Tafadhali usiseme ati "wanamchoma kama takataka", nimesikia mtu akisema hivyo karibu na mjane na nikaona aibu kwa niaba yetu sote. Kwao huu moto ndio sadaka ya mwisho ya mtu, unaifungulia roho njia iende. Ndio maana watoto wadogo sana na watawa wao huzikwa, hawahitaji huo moto. Na kama we ni Mkatoliki unaogopa, kanisa lako lenyewe liliruhusu kuteketeza mwili tangu 1963.

Ukirudi kwako oga kabla ya kula, wenyewe hufanya hivyo. Kwa nyumba ya msiba jiko huwa halijawashwa, so ukitaka kupeleka chakula peleka cha mboga, nyama na mayai hapana, na uulize kwanza kama wanapokea. Bahasha pia uliza.

Maombolezo huenda mpaka siku ya 13, pita tena hapo katikati watu wakishapungua. Majivu wengine hupeleka mpaka Haridwar India, wengine hushuka nayo Mombasa wakayamwaga baharini. Ukiambiwa twende pamoja, kubali, na ubebe nguo ya kubadilisha manake mtaingia maji.