Utani wa wadi: venye utacheka na wenzako bila kumgeuza mgonjwa kuwa kitu

Kama wewe ni intani ama mwanafunzi wa unasi na umeanza juzi huku Kisumu, kuna lugha utaisikia kwa chumba cha chai yenye hakuna mwalimu alikufunza. RTA mbili, yaani watu wa ajali ya barabarani, zimeingia kutoka Kondele. Kuna BID hapo nje kwa pikapu ya polisi, yaani mtu ameletwa akiwa ameshakufa. Kitanda cha nne ni OP, mtu amekunywa dawa ya kupulizia mimea. Halafu mtu atasema kitu hapo, watu wote wataangua kicheko, na wewe utabaki ukijiuliza hawa ni watu wa aina gani.

Ni watu wamechoka na wameona mengi. Usiku wenye mmepoteza watoto wawili na bado kuna mama anangoja dripu, kicheko ndicho hukurudisha kwa wadi. Hata Tanzania watani hufanya mzaha msibani kabisa, wafiwa wakiwa hapo, na hakuna mtu anawaita makatili sababu kila mtu anajua mpaka uko wapi. Sisi pia tunahitaji mpaka na wangu nitakuambia.

Mpaka wangu ni ngeli, zile zile za shule ya msingi. Mtu ni A-WA: mgonjwa ameamka, wagonjwa wamekula. Sasa sikiza venye tunaongea: "ile femuri ya kona imeenda thieta?", yaani mtu amevunjika mfupa wa paja, "ile OP imeamka?" "hizo nduthi tatu zimeshonwa?", yaani watu wa ajali ya pikipiki. Huyo mtu ametolewa A-WA akawekwa I-ZI pamoja na meza na ndoo, na hakuna mtu ametukana. Ndio maana haisikiki kama kosa.

Mimi nililijua hivi. Kwa hospitali nilifanya kazi zamani niliingia shifti ya asubuhi nikauliza kwa sauti, "ile nduthi ya kitanda cha saba ilikufa saa ngapi?" Nyuma yangu kulikuwa na mama amesimama na flaski ya uji, hakuna mtu alikuwa amemwambia bado. Akaniuliza pole pole, "Sista, nduthi ama bwanangu?" Hiyo ni miaka 11 iliyopita na bado naisikia.

Kwa hivyo kabla utoe mzaha, irudishe sentensi kwa A-WA kichwani. "Yule kijana wa nduthi amekufa" haichekeshi, na haifai kuchekesha. Lakini "leo jenereta imegoma, oksijeni imegoma, na Kisumu nzima imeamua kuzaa kwa shifti yetu" bado inachekesha, sababu hapo tunacheka hali, tunacheka usiku, tunacheka venye ukithubutu kusema leo kumetulia tu ambulensi zinapanga laini. Cheka hizo mpaka machozi yatoke.

Kuna watu hata mzaha wa hali sitaki kuusikia karibu nao. Mama amezaa mtoto ameshakufa. Aliyebakwa. Mtoto yeyote. Na huyo wa OP, tafadhali, huyo ndiye tunamtania sana, ati angechukua dawa ya kupe ya maana ama angeuliza agrovet ni gani inafanya kazi haraka. Amelala hapo mate yanamtoka, tunampiga sindano ya atropini ya kupinga hiyo sumu, na masikio yake yanafanya kazi. Miaka mingi alikuwa pia anangojwa na polisi, mpaka Mahakama Kuu ikasema Januari 2025 kwamba kifungu 226 cha sheria ya jinai, kile cha kujaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Sheria imemuachilia, sisi bado tunamhukumu hapo kitandani.

Kwa maandishi usijaribu kabisa. Marekani walikuwa na GOMER, maana yake toka kwa kazualti yangu, na Uingereza daktari anaitwa Adam Fox na wenzake walikusanya maneno ya aina hiyo zaidi ya 200 wakayachapisha 2003. Huku kwetu ni ISS na RVD tunaficha nazo HIV, na tunafikiri hakuna mtu anajua, na mgonjwa wa OPD, yule hatibiwi akiwa amelazwa, ananunua daftari dukani, tunaandika humo, anaenda nalo nyumbani Nyalenda, mtoto wa sekondari analisoma, anagugo. Andika tu kile ungemsomea mwenyewe akiwa amekaa mbele yako.

Simu nayo ni hatari kuliko daftari. Kule Virginia mgonjwa mmoja mwaka wa 2013 aliacha simu yake ikirekodi akidungwa dawa ya usingizi ili apimwe utumbo, akaamka akasikia venye walimdhihaki akiwa amelala, na 2015 jopo la mahakama likampa dola 500,000. Kenya tuko na Sheria ya Afya ya 2017 na ile ya kulinda data ya 2019, kwa hivyo hiyo eksrei ya ajabu usiiweke kwa grupu ya WhatsApp hata ukifuta jina. Na ukitoka usinyanyue stori kwa tuktuk, huyo mmebanana naye hapo anaweza kuwa shemeji ya mgonjwa.

Mwenzako akiteleza usimwaibishe mbele ya watu, mjibu tu kwa jina. Akisema "ile stroki imekula?", wewe sema "Baba Akinyi amekula nusu sahani." Ukifanya hivyo wiki moja utaona wenyewe wanabadilika.

Na ukiteleza wewe na familia ikasikia, usijifiche kwa ofisi ya in-chaji. Rudi, vuta kiti, ukae chini. "Mama, nimemuita mzee wako kitu, nimekosea, naomba unisamehe." Usianze kueleza ati ni lugha ya kazi. Yule mama wa flaski nilimwambia hivyo, akanyamaza sana, halafu akaniambia jina la bwanake lote, majina matatu, na kijiji chao upande wa Vihiga, na nikaandika kwa faili penye ilikuwa imeandikwa tu mwanaume, nduthi, kitanda cha 7.