Namna ya Kutambua Njaa ya Kweli na Shibe Unapokula

Mtu aliyezoea kula saa saba mchana husikia njaa saa saba mchana, hata siku ambayo alikunywa chai kwa maandazi na maharage saa nne. Sababu iko mwilini: homoni iitwayo grelini, ambayo watafiti wa Japani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitangaza mwaka 1999, hutoka zaidi kwenye tumbo, hupanda karibu na saa za kula ulizozizoea, kisha hushuka tena hata usipotia kitu kinywani. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hilo kwa uzoefu, kwa kuwa njaa ya adhuhuri hukaza, halafu hulegea, na alasiri mtu anaendelea na kazi zake.

Kwa hiyo unapohisi njaa, kunywa glasi ya maji na usubiri kama dakika 15 kabla ya kuamua lolote. Njaa ya kweli haitaondoka. Itazidi polepole, utahisi uwazi chini ya kifua, nguvu zitapungua na akili itaanza kutotulia kwenye kazi. Kunguruma kwa tumbo peke yake si ushahidi wa kutosha, maana utumbo hunguruma pia unaposukuma chakula ulichokwisha kula. Uchu nao huja ghafla, mara nyingi kwa kupita karibu na jiko la mishikaki au baada ya kugombana na mtu kazini, na hukaa kinywani zaidi kuliko tumboni. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na methali hiyo ni kipimo kizuri: jiulize kama ungekubali kiporo cha ugali na mchicha. Ukikubali, una njaa. Ukiona hapana, lazima ziwe chipsi mayai, huo ni uchu.

Kusubiri huku kuna mipaka. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akianza kutetemeka na kutoka jasho, asisubiri hata kidogo, kwa kuwa huenda sukari yake imeshuka na anahitaji kitu chenye sukari papo hapo. Vilevile, maumivu ya tumbo yanayotulia kila unapokula yanaweza kuwa vidonda vya tumbo, na hayo ni ya kupelekwa kwa daktari. Hata aliye mzima hapaswi kungoja mpaka mikono itetemeke na hasira zimpande, kwa sababu aliyefika hapo hula kwa pupa na kuipita shibe bila kuiona.

Shibe ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa huchelewa. Tumbo likitanuka hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na utumbo huongeza homoni zake chakula kinapoufikia, lakini inakadiriwa kwamba ujumbe huo huchukua kama dakika 20 kukamilika. Anayemaliza sahani kwa dakika saba hana namna ya kujua kwamba ameshiba.

Dawa yake iko vidoleni. Mkitenga ugali leo, tazama mkono wako: wengi wetu huwa tumekwisha kukata na kufinyanga tonge la pili ilhali la kwanza bado linatafunwa. Acha mkono utulie. Tafuna, meza, ndipo ukate tonge jingine, ulibonyeze kwa kidole gumba na uchote mboga. Anayekula wali kwa kijiko na akiweke chini kila baada ya kumeza. Simu ikae mbali, maana macho yakiwa kwenye picha, tonge la kumi na la ishirini hayana tofauti.

Ukienda kwa mwendo huo utagundua kwamba ladha yenyewe inakupa taarifa. Matonge ya mwanzo huwa matamu mno. Katikati ya sahani utamu hufifia, ingawa mchuzi ni uleule. Hapo simama kidogo, uvute pumzi na ujiulize kama ungeridhika chakula kikiondolewa sasa. Usidanganywe na chakula kipya, kwani aliyeshiba biriani bado hupata nafasi ya haluwa: ulimi umechoshwa na ladha moja tu. Soda na sharubati pia hazishibishi kama chakula cha kutafuna, ndiyo maana hunyweka juu ya shibe bila shida. Ukifikia kulegeza mkanda na kuhema, umeshavimbiwa, na shibe uliipita zamani. Hadithi ya Mtume inayogawa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi inamweka mtu nyuma kabisa ya hapo.

Kwenye sinia la pamoja kazi huwa kubwa zaidi, kwa sababu huna kiasi chako mwenyewe, na mwendo wa kula huwa wa yule mwenye haraka kuliko wote. Kula upande wako, na utumie mazungumzo kuupumzisha mkono. Mwenyeji akikuongezea wali, sifu mapishi kwanza, kisha sema, “Alhamdulillahi, nimeshiba,” na unawe mikono mara moja. Aliyekwisha kunawa halazimishwi sana.