Skuli haina Fizikia: jinsi ya kuisoma kwa vipindi vya KICD mpaka KCSE

Mzazi mmoja wa Mishomoroni, Mombasa, alinijia na bintiye wa kidato cha tatu. "Mwalimu, huyu ataka uhandisi, na skuli yao haina Fizikia. Karo ya kumhamisha sina. Nifanyeje?" Tukaanza kazi siku hiyo hiyo. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wengine walio na swali kama lake.

Kuna jambo la kujua mwanzo. Jimbo la Florida, Marekani, lilianzisha Florida Virtual School mwaka 1997. Huko mwanafunzi habanduki shuleni kwao. Somo lisilokuwepo hulisoma mtandaoni kwa mwalimu anayelipwa na jimbo, naye mwalimu huyo humsahihishia kazi na kumpa alama zinazohesabiwa. Kwetu, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) hutoa vipindi vizuri, lakini vipindi havimsajili mtoto wala havimsahihishii daftari. Hayo mawili lazima tuyatafute wenyewe hapa mtaani, na humo ndimo wengi wanamokwama.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu unaomalizika Kenya. Kundi lao la mwisho linafanya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2027, kwa hivyo mtoto akipitwa na somo sasa, hana darasa la nyuma la kurudia. Walio gredi ya 10, ya mtaala mpya, wana mikondo yao mitatu na taratibu nyingine, wasitumie hesabu zangu za karatasi.

Hatua ya 1: Pata silabasi

Chapisha kurasa za Fizikia za kidato cha tatu na cha nne, uzitie kwenye faili. Mada ikiisha, mtoto aandike tarehe kando yake.

Hatua ya 2: Jua mtihani atafanyia wapi, kabla ya kutazama kipindi hata kimoja

Usiiruke hii. Nimeona watoto wakisoma mwaka mzima kwa bidii, halafu mwanzoni mwa kidato cha nne wakaambiwa jina lao halina Fizikia.

Mtahiniwa wa KCSE ana nambari moja na kituo kimoja. Hawezi kufanya Kemia kwao kisha avuke feri akafanye Fizikia shule nyingine. Ni aidha shule yake ikubali kumsajili kwa Fizikia, au ahame mzima mzima. Kwa hivyo mtu wa kwanza kuonana naye ni mwalimu mkuu, na wakati mwema ni kidato cha tatu, kabla ya pilikapilika za usajili.

Mwalimu mkuu huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni wastani wa shule. Wapo wanaokataa papo hapo, wakiona mtoto mmoja asiye na mwalimu atawashushia alama. Usibishane naye. Omba mtoto afanye mtihani wa mwisho wa muhula wa Fizikia kutoka shule jirani, usahihishwe na mwalimu wa huko, kisha umpelekee karatasi yenyewe. Karatasi iliyosahihishwa kwa wino mwekundu inasikizwa kuliko ahadi ya mzazi.

Hofu ya pili ni maabara, na hii ina msingi. Fizikia ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili ni za nadharia, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, saa mbili na nusu, alama 40. Yaani alama moja katika kila tano inatoka maabarani, na hakuna kipindi cha runinga kitakachomshikisha mtoto waya. Kabla ya mtihani, shule hupewa maagizo ya vifaa vya kuandaliwa kila mtahiniwa, nayo isiyo navyo huhangaika dakika za mwisho.

Hata hivyo, shule inayofundisha Kemia huwa tayari na stendi, klampu, bika, thamomita na mizani. Kinachopungua mara nyingi ni vifaa vya umeme na vya mwanga: ammita, voltimita, waya wa nikromu uliofungwa kwenye rula ya mita, swichi, kishikio cha betri, lenzi na kioo. Ongeza springi, mawe ya uzani na kalipa ya vernia. Ingia ofisini na orodha hiyo mkononi, ukiwa umeshatia alama vilivyomo na visivyomo. Visivyomo viazimwe shule jirani kwa barua ya mwalimu mkuu kwa mwalimu mkuu mwenzake. Mzazi asiende kuviazima mwenyewe, kwa sababu kifaa kikivunjika hakuna wa kukijibia.

Hesabu masomo yake pia. KCSE huruhusu masomo 7 hadi 9. Kama tayari anayo tisa, moja litoke ndipo Fizikia iingie, na uamuzi huo ufanywe na mtoto akiwepo.

Usajili ukifunguliwa, usitosheke na "tayari, mama, tumemtia." Omba kuona karatasi ya majina ambayo watahiniwa huhakiki. Nambari ya Fizikia ni 232. Isipokuwa mbele ya jina lake, hajasajiliwa, hata aambiwe nini. Dirisha la usajili likishafungwa, kuongeza somo ni tabu tupu.

Na shule ikikataa katakata? Kama bado ni mapema, tafuta uhamisho. Ipo njia ya mtahiniwa wa kujitegemea kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, lakini hiyo inahamisha masomo yote, na kwa mtoto aliye shuleni mimi siipendi.

Hatua ya 3: Vipindi

Viko kwenye runinga ya Edu, redio ya KBC, YouTube ya KICD na Kenya Education Cloud. Redio inafaa sana fasihi na Historia. Kwa Fizikia siipendekezi, maana saketi haielezeki kwa sauti. Chukua video, zipakue penye waifai, uzitie kwenye memori kadi. Bando la kutazamia moja kwa moja humalizika katikati ya somo, na video kwenye kadi unaisimamisha, mtoto akachora saketi mwenyewe, kisha ukaendelea.

Yale makundi ya WhatsApp ya kurushiana karatasi za zamani mtoto asitiwe mpaka amalize mada. Anazoea kukariri majibu ya maswali asiyoyaelewa.

Hatua ya 4: Mtu wa kusahihisha

Michigan, jimbo jingine la Marekani, sheria inaitaka shule impe msimamizi kila mtoto anayesoma mtandaoni. Hapa mtafute. Mwalimu wa Hisabati wa shule yake anaweza sehemu kubwa ya mekanika. Mwanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, anafaa pia. Mpe nauli na kitu kidogo, wakutane maktabani au barazani kwenu mchana, si chumbani. Kazi yake isiwe kufundisha upya. Asahihishe daftari kila wiki na aulize "kwa nini?"

Hatua ya 5: Vitendo vya nyumbani

Funga kufuli kwenye uzi, uutundike kwenye msumari wa mlango. Pima mita moja kutoka msumari hadi katikati ya kufuli. Livute kidogo tu, uliachie, uhesabu mibembeo 20, kila mmoja ukiwa wa kwenda na kurudi. Saa ya simu isome karibu sekunde 40. Ikisoma 20, amehesabu kwenda na kurudi kama mibembeo miwili, kosa ambalo karibu kila mtoto hulifanya mwanzo. Apunguze uzi kidogo kidogo, achore grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu, kisha agawe 39.5 (yaani 4π²) kwa mteremko wa grafu. Akikaribia 9.8, thamani ya mvutano wa dunia (g), mkono wake umeanza kutulia.

Umeme usijaribiwe kwa soketi ya ukutani kamwe. Betri za tochi zinatosha.

Hatua ya 6: Ratiba

Vipindi viwili kwa wiki na kimoja cha kusahihishwa, visigongane na madrasa. Kwa mtoto anayevuka Likoni kila siku, jioni ya shule haifai, maana anafika amechoka. Apewe Jumamosi asubuhi. Ramadhani, kipindi kiwe baada ya swala ya alfajiri. Na kila likizo, mwalimu mkuu aombwe siku moja ya kufungua maabara, mtoto afanye karatasi nzima ya tatu kwa saa, kwa vifaa vile vile atakavyovikuta siku ya mtihani.